Jointi za Gari: Ipi Hulishwa Grisi na Ipi Hulindwa na Raba

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi, na wengi wetu hudhani inahusu nyumba peke yake. Mwenye gari pia inamhusu, tena sana. Ufa wa gari huwa ni mpasuko mdogo katika raba ambayo hajawahi kuitazama, au tone la grisi lililokosekana mahali pasipoonekana. Ukuta wake ni ekseli nzima, na pengine mifupa ya watu.

Huenda ulipofungua ukurasa huu ulitarajia shairi au kisa cha sungura na fisi. Niwie radhi. Nimechagua kueleza jambo la gereji kwa sababu mbili. Kwanza, kuna wenzetu wanaosema ati Kiswahili ni lugha ya mashairi na matangazo tu, haiwezi kueleza mitambo. Pili, karibu kila mmoja wetu hupanda gari, hata kama si lake. Haya nitakayoyaeleza nimeyapata kwa mjomba wangu, ambaye ni fundi wa magari na ambaye mimi humsaidia siku za Jumamosi. Mengine nimeyapata katika somo la Fizikia.

JOINTI NI NINI?

Injini na giaboksi hufungwa kwenye bodi ya gari. Magurudumu nayo hupanda na kushuka kila yanapokanyaga shimo au tuta, na barabara zetu za murramu tunazijua. Kama chuma kinachopeleka nguvu kutoka kwenye giaboksi hadi magurudumuni kingekuwa kimoja kilichonyooka bila kiungo, kingevunjika siku hiyo hiyo ya kwanza. Hebu jaribu kula ugali bila kukunja kiwiko uone taabu yake. Ndiyo maana chuma hicho huwekewa viungo, na viungo hivyo ndivyo mafundi huviita jointi. Kazi ya jointi ni ngumu kuliko ya kiwiko, kwa kuwa hupinda huku ikizunguka mamia ya mara kwa dakika.

Jointi zenyewe ni za aina mbili, na ni lazima uzitofautishe kabla hujashika kopo la grisi.

Aina ya kwanza hupatikana katika magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama vile pikapu nyingi, malori na matatu za Hiace. Ukichungulia chini ya gari la namna hii utaona bomba refu la chuma kutoka kwenye giaboksi hadi lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, ambalo huitwa difu. Bomba hilo ni propela. Land Rover ina propela mbili, moja ya kwenda mbele na nyingine ya kwenda nyuma. Katika mwisho wa propela kuna kichuma chenye umbo la msalaba, na mafundi hukiita spaida. Msalaba huu una ncha nne. Kila ncha imevikwa kikombe kidogo cha chuma, na ndani ya kikombe mmepangwa vijisindano vya chuma vinavyobiringika ili ncha isisuguane na kikombe moja kwa moja.

Aina ya pili ni ya magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele. Toyota Probox, ambayo imejaa katika barabara zetu, ni mojawapo. Hapa hakuna propela ndefu. Kuna shafti mbili fupi zinazotoka kwenye giaboksi, moja ya gurudumu la kushoto na moja ya gurudumu la kulia. Kila shafti ina jointi mbili: ya ndani, karibu na giaboksi, na ya nje, karibu na gurudumu. Jointi hizi mafundi huziita sivi. Ndani ya sivi ya nje kwa kawaida mna gololi sita za chuma kigumu zinazoteleza katika mifereji. Yote hayo yamefunikwa kwa raba nyeusi yenye mikunjo kama ya kile kinanda cha mwomboko kinachovutwa na kufinywa.

WALIOZIBUNI

Jointi ya msalaba ni ya zamani kuliko gari lenyewe. Mara nyingi huitwa kwa jina la Gerolamo Cardano, mtaalamu wa hisabati wa Italia aliyeishi kati ya mwaka 1501 na 1576. Baadaye Mwingereza Robert Hooke, aliyeishi kati ya 1635 na 1703, aliieleza katika kitabu alichokichapisha mwaka 1676 kuhusu vyombo vya kutazamia jua. Naam, ni Hooke yule yule wa Sheria ya Hooke, anayetutoa jasho kwa springi na mizigo katika maabara.

Jointi hii ya msalaba ina kasoro moja. Ikizungushwa ikiwa imepinda, upande wa pili hauzunguki kwa kasi moja. Huenda mbio kidogo, kisha ukapunguza, mara mbili katika kila mzunguko. Tuseme upande wa kwanza unazunguka mara 1,000 kwa dakika kwa mwendo wa sawasawa. Jointi ikipinda kwa digrii 10 tu, kasi ya upande wa pili itapanda hadi karibu 1,015 na kushuka hadi karibu 985. Ikipinda kwa digrii 30 itapanda hadi karibu 1,155 na kushuka hadi karibu 866. Propela ya gari hupinda kidogo tu, tena huwekewa spaida mbili, moja huku na moja kule, ili makosa ya ile ya kwanza yasahihishwe na ile ya pili. Lakini gurudumu la mbele hupinda sana dereva akikata kona. Lingetumia jointi ya msalaba peke yake, usukani ungetetemeka mkononi kama mgonjwa wa homa.

Dawa ya kasoro hiyo ilipatikana katika miaka ya 1920, wakati mhandisi Alfred Rzeppa alipobuni jointi ya gololi sita nchini Marekani. Hii hupinda zaidi ya digrii 40 na bado upande wa pili huzunguka kwa kasi ile ile ya upande wa kwanza. Jointi za namna hii ndizo zilizotumika katika gari dogo liitwalo Mini, lililobuniwa na Alec Issigonis na kutolewa Uingereza mwaka 1959. Tangu hapo magari madogo ya kuvutwa kwa magurudumu ya mbele yameenea duniani kote.

GRISI HUFANYA KAZI GANI?

Watu wengi hufikiri grisi ni oili iliyoganda. Sivyo kabisa. Grisi ni oili iliyochanganywa na aina ya sabuni. Sabuni hiyo huishika oili kama sifongo linavyoshika maji. Jointi inapofanya kazi na kupata joto, sifongo hilo huachilia oili kidogo kidogo, na oili hiyo hukaa katikati ya chuma na chuma ili visiumane. Faida ya grisi ni kwamba haichuruziki kama oili ya injini. Hubaki pale pale ulipoiweka, mradi isifukuzwe.

Adui wa grisi ni wawili: vumbi na maji. Vumbi la murramu likiingia katika grisi, huwa si grisi tena bali ni msasa. Kila gari linapozunguka, msasa huo hukwangua chuma. Maji nayo huiosha grisi na kuleta kutu. Kwa hiyo kazi yote ya kuitunza jointi ni kuhakikisha mambo mawili tu: grisi safi imo ndani, na uchafu umebaki nje.

Hapo ndipo tofauti ya zile aina mbili inapokuja. Spaida nyingi huwa na chuchu ya grisi, yaani kichuma kidogo chenye tundu na gololi ndogo mdomoni, ambacho hupokea grisi kutoka kwenye bomba la kupampu. Spaida ya namna hiyo hulishwa mara kwa mara. Zingine hutoka kiwandani zikiwa zimefungwa bila chuchu, na hizo ni za kukaguliwa tu na kubadilishwa zikichoka. Sivi nayo kwa kawaida haina chuchu. Hutiwa grisi mara moja inapofungwa, na raba yake ndiyo huilinda kwa miaka. Kwa ufupi, spaida yenye chuchu hulishwa, sivi hulindwa. Mtu asiyejua hili atatafuta chuchu kwenye sivi mpaka jua lizame.

USALAMA KWANZA

Usiingie chini ya gari kabla hujalifunga. Lisimamishe mahali tambarare, zima injini, tia gia, vuta breki ya mkono, kisha weka mawe mazito mbele na nyuma ya magurudumu. Jeki peke yake haiaminiki hata kidogo. Gari likiinuliwa, liwekewe stendi imara za chuma ndipo mtu aingie.

Mawe hayo si mapambo. Katika Land Rover za zamani, zikiwemo Defender za zamani, breki ya mkono haishiki magurudumu ya nyuma moja kwa moja. Inashika mahali propela ya nyuma inapoanzia. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu huliruhusu gurudumu hilo kuzunguka upande mmoja na lile lililobaki chini kuzunguka upande mwingine. Gari hujiendea ingawa breki imevutwa. Vivyo hivyo, ukiifungua propela ya nyuma, breki hiyo haina tena kitu cha kushika. Mjomba hurudia neno hili kila siku: "Kijana wangu, breki ya mkono ni rafiki, lakini jiwe ni ndugu."

Injini ikiwa imetoka kuzimwa, ngoja kwanza paipu ya moshi ipoe. Nguo iliyolegea na tai ya shule viache mbali.

KUKAGUA NA KULISHA SPAIDA

Hatua ya kwanza ni kutazama. Zunguka spaida kwa macho, kikombe baada ya kikombe. Ukiona unga mwekundu kama wa matofali pembeni mwa kikombe, jua kwamba humo ndani mmekauka na vijisindano vinaliwa na kutu. Hiyo haihitaji grisi tena, inahitaji spaida mpya.

Hatua ya pili ni kutikisa. Shika propela kwa mkono mmoja na ule upande wa pili wa spaida kwa mkono mwingine, uzizungushe kinyume, huku na huku. Propela nzima inaweza kucheza kidogo kwa sababu ya meno ya gia katika difu. Usitishike kwa hilo. Wewe tazama msalaba wenyewe na vikombe vyake. Hapo hapatakiwi kulegea hata kidogo. Ukiona msalaba unacheza ndani ya kikombe, imekwisha.

Hatua ya tatu ni kulisha. Ifute chuchu kwa kitambaa kwanza, maana ukipampu juu ya uchafu utausukuma ndani kwa mikono yako mwenyewe. Bana mdomo wa bomba juu ya chuchu, upampu pole pole huku ukitazama vikombe vyote vinne. Grisi ya zamani, nyeusi, itaanza kutoka kwenye sili za mpira, kisha ile mpya iliyo safi. Acha kupampu inapotokea safi katika ncha zote nne. Ikitoka katika tatu na moja ikagoma, usiseme "si neno". Kikombe hicho kimoja ndicho kina njaa, na ndicho kitakachoua spaida yote.

Ukikuta chuchu imeelekea juu mahali bomba halifiki, toka chini ya gari. Ondoa mawe, lisogeze gari kidogo ili propela izunguke, kisha uweke mawe tena. Usimwambie mwenzako alisukume gari ukiwa umelala chini yake.

Propela nyingi pia zina sehemu inayoteleza, ambapo chuma kimoja kinaingia ndani ya kingine ili urefu ubadilike gari likiruka. Kama kuna chuchu hapo, pampu mara chache tu. Ukiishindilia grisi mpaka ijae, sehemu hiyo haitakuwa na nafasi ya kuingia ndani na sili yake inaweza kufumuka. Mwisho, futa grisi yote iliyotapakaa nje.

Propela ikifunguliwa, iwekwe alama za rangi kabla ya kutolewa, ili irudishwe vile ilivyokuwa. Kumbuka kwamba spaida mbili husahihishana makosa. Ikirudishwa vibaya, hasa kama zile sehemu mbili zinazoteleza zimeachanishwa na kupinduliwa, makosa yatajumlika badala ya kufutana, na gari litatetemeka ingawa kila kitu ni kipya.

SAUTI YA ONYO

Jointi haifi bila kuaga. Spaida iliyokauka hulia "ngwi, ngwi, ngwi" gari linapoondoka pole pole. Iliyolegea hupiga "ka!" unapobadilisha gia au unapotoka mbele kwenda nyuma. Gari likishika kasi, sakafu hutetemeka chini ya miguu. Shida ni kwamba masikio ya watu yameziba kwa ajili ya pesa.

Mwaka 2024, katika muhula wa pili, jirani yetu mmoja alikuwa na pikapu ya kukusanya maziwa ya wakulima kila alfajiri. Ililia hivyo kwa wiki tatu hivi. Mjomba alimwambia mara mbili, "Mzee, lete hiyo gari Jumamosi tuitazame." Yeye akajibu, "Fundi, bado inavuta. Ng'ombe hawangoji mtu." Alipochoshwa na kelele aliongeza sauti ya redio.

Asubuhi moja, katika mteremko wa kuelekea mtoni, spaida ya nyuma ilikatika. Propela ikaanguka upande mmoja, huku upande wa mbele ukiendelea kuzungushwa na injini. Ikawa kama rungu linalopiga sakafu ya gari kutoka chini. Pigo moja likakata paipu ya breki. Mzee wa watu alijitahidi akalielekeza gari kwenye ukingo wa udongo, na huo ndio uliolisimamisha. Mitungi yote ya maziwa ilimwagika. Nyuma walikuwapo wanafunzi wawili waliokuwa wamepewa lifti. Mmoja wao, msichana wa darasa letu, alivunjika mkono wa kulia wiki moja kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula. Aliandika karatasi zake kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja, na nyingine hakuzimaliza.

Mjomba alipoifungua spaida ile, vikombe viwili vilikuwa vikavu kabisa. Mahali pa vijisindano palikuwa na unga mwekundu tu. Grisi ambayo ingeyazuia hayo yote haijazi hata kikombe cha chai.

Ajali ingekuwa mbaya zaidi kama iliyokatika ni spaida ya mbele. Propela ikianguka kwa mbele inaweza kuchomeka barabarani na kulinyanyua gari, kama yule mwanariadha anayeruka kwa upondo. Kwa sababu hiyo baadhi ya magari makubwa huwekewa pete ya chuma ya kuidaka propela isifike chini.

KUKAGUA SIVI

Kazi hii ni rahisi, hata wewe usiye fundi unaiweza, na huhitaji hata spana. Lisimamishe gari, zungusha usukani hadi mwisho wa upande mmoja, zima injini na uvute breki. Sasa chungulia nyuma ya gurudumu la mbele. Utaiona raba yenye mikunjo. Ipitishie kidole katika kila mkunjo, maana nyufa hujificha ndani ya mikunjo. Tazama pia upande wa ndani wa rimu na vyuma vya jirani. Ukiona michirizi ya grisi nyeusi iliyorushwa, raba imepasuka, kwani kila gurudumu linapozunguka grisi hutupwa nje. Hakikisha vibanio viwili vya raba vimekaza. Kisha geuza usukani ukague upande wa pili, na usisahau raba za ndani karibu na giaboksi.

Raba ikipasuka na ikagunduliwa mapema, sivi bado inaweza kuokolewa. Fundi huifungua, huiosha gololi na mifereji mpaka ing'ae, huitia grisi mpya na kuivika raba mpya na vibanio vipya. Grisi inayofaa hapa ni ile nyeusi yenye molibdeni, iliyotengenezwa kwa mizigo mizito ya sivi. Isichanganywe na grisi nyingine, kwa kuwa sabuni za grisi tofauti zinaweza kukataana na grisi ikawa nyepesi kama uji.

Ukichelewa, sivi itakuambia yenyewe. Zungusha usukani hadi mwisho katika uwanja usio na watu, uendeshe pole pole kwa duara. Ukisikia "tak-tak-tak-tak", gololi zimekwisha kuchimba mifereji yake, na hapo grisi haiponyi. Ni kununua sivi mpya. Raba moja na grisi yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya sivi, na ukiongeza siku ambazo gari limelala bila kazi, hesabu inauma zaidi. Sivi ikiachana kabisa, injini itanguruma na gari lisisogee, maana difu hupeleka mzunguko wote upande uliokatika. Likiwa mlimani litarudi nyuma, na gia haitalizuia.

UJANJA WA KUEPUKWA

Kuna mafundi, si wote, wanaopaka grisi nje ya spaida ili mwenye gari aone "kazi imefanywa". Grisi ya nje haifiki kwenye vijisindano. Inachofanya ni kukaribisha vumbi. Ukitaka kujua kama umehudumiwa, omba kuona grisi safi ikitokea katika ncha nne.

Wengine huizungushia raba iliyopasuka karatasi ya plastiki na mpira wa tyubu. Hiyo inaweza kukufikisha nyumbani, lakini isiwe ndoa. Mchanga ulioingia kabla ya kufungwa umebaki humo humo ndani ukisaga.

RATIBA

Kwa mjomba, kila gari linalokuja kubadilishiwa oili baada ya kilomita 5,000 hukaguliwa jointi zote siku hiyo hiyo, na spaida zenye chuchu hulishwa. Gari lililopita katika maji mengi halingoji kilomita. Hulishwa mara moja, kwa sababu maji huenda yamekwisha kuingia. Kitabu cha gari kikitaja muda mfupi zaidi, kifuatwe hicho. Magari ya abiria hapa Kenya hupelekwa kukaguliwa na NTSA kila mwaka. Ni jambo jema, lakini raba inaweza kutobolewa na jiwe kesho yake baada ya kupita ukaguzi. Mkaguzi wa kila siku ni mwenye gari na dereva wake.

Na sisi abiria je? Sisi tuna masikio. Ukikaa katika gari likalia "ngwi, ngwi" likiondoka, au likapiga "tak-tak" kwenye kona, mwambie dereva kwa adabu, "Samahani mzee, nasikia propela inalia." Huenda akakucheka na kukuuliza tangu lini mwanafunzi akawa makanika. Mwache acheke. Akifika steji na kuinama kuchungulia, utakuwa umefanya kazi kubwa kuliko nauli uliyolipa.

Wanachama wenzangu, Jumamosi hii muulizeni mzazi, jirani au fundi wa mtaani awaonyeshe spaida moja na raba moja. Hazitawachukua hata dakika kumi. Kwa hayo machache naweka kalamu chini, nikawasaidie wenzangu kupanga kurasa za toleo hili.